Gramu kumi ndani ya kilo mia: vimeng'enya na hesabu ya chakula cha kuku wa nyama Dodoma

Kwenye maduka ya dawa za mifugo mjini Dodoma, pakiti ya vimeng'enya siku hizi inakaa rafu moja na vitamini na antibayotiki, na muuzaji anainadi kwa maneno yaleyale: weka hii, kuku watakua haraka. Hapo ndipo hela inapoanza kupotea. Ukiweka vitamini, kuku ameongezewa vitamini. Ukiweka kimeng'enya, hujamwongezea kirutubisho chochote. Umemsaidia kuvunja kitu kilichokuwa tayari ndani ya chakula na ambacho tumbo lake haliwezi kukivunja lenyewe. Kama kitu hicho hakimo, au kama kuku anapata mahitaji yake yote kwa njia nyingine, unga ule unapita tu na kuishia kwenye maranda.

Kwa hiyo nina msimamo mmoja, na makala hii yote inauzunguka: kimeng'enya kinalipa pale unapopunguza kitu kingine kwenye mchanganyiko. Anayekimwaga juu ya chakula kilichokamilika huwa anaongeza gharama. Anayekimwaga juu ya chakula kibovu anaongeza gharama pia, na kuku wake hawapandi.

Nianze na faitezi, kimeng'enya kinachofungua fosforasi ya mimea, maana kwa mazingira yetu ndiyo yenye faida ya wazi kuliko nyingine zote.

Mmea hutunza fosforasi (madini ya mifupa) ya mbegu zake ndani ya kitu kiitwacho faiteti. Kwenye mahindi, mtama, soya na mashudu ya alizeti, kiasi cha theluthi mbili hadi robo tatu ya fosforasi yote imefungwa humo, na kwenye pumba inaweza kuzidi hapo. Kuku hutengeneza kimeng'enya kidogo mno cha kuifungua. Anaila, inapita, anaikanyaga. Papo hapo faiteti hung'ang'ania kalisi, zinki na chuma, na hushikamana na sehemu ya protini, ikaondoka navyo. Ndiyo maana tunalazimika kununua DCP, ule unga wa fosfeti, wakati chakula chenyewe kimejaa fosforasi.

Faitezi ya dukani ilianza kuuzwa Uholanzi mwaka 1991, na kilichoisukuma ni sheria za mazingira: mbolea ya mifugo ilikuwa inajaza fosforasi kwenye udongo na maji yao. Sisi huku tumeipokea kwa sababu nyingine kabisa, yaani bei ya DCP.

Nguvu yake hupimwa kwa yuniti, kwa kawaida huandikwa FTU. Kiwango cha kawaida kwa kuku wa nyama ni yuniti 500 kwa kila kilo ya chakula, na hiki ndicho kipengele ambacho wengi hawakisomi kwenye lebo. Gramu hazikuambii kitu mpaka ujue kila gramu ina yuniti ngapi. Kama pakiti imeandikwa yuniti 5,000 kwa gramu, tani moja ya chakula inataka gramu 100, na kilo mia zinataka gramu 10. Kama imeandikwa 10,000 kwa gramu, nusu yake inatosha. Mtu aliyezoea pakiti ya kwanza akinunua ya pili bila kusoma, anatumia mara mbili. Kinyume chake ni kibaya zaidi: amezoea kali, ameuziwa nyepesi, amepunguza DCP kama kawaida yake, na baada ya wiki mbili vifaranga wanakaa chini hawataki kusimama.

Kwa yuniti 500, faitezi nzuri hufungua fosforasi ya kiasi cha asilimia 0.10 hadi 0.15 ya chakula, na kalisi ya kiwango kinachokaribiana na hicho. Ukipandisha hadi yuniti 1,000 hupati mara mbili yake; kila unavyozidi kuongeza, nyongeza inapungua. Mimi hutumia 0.13 kwenye hesabu. Lebo ikidai zaidi, sawa, lakini lebo haikuhifadhiwa chini ya bati la Dodoma mwezi Novemba.

Kabla ya kufika kwenye mchanganyiko, lazima tuseme malighafi zetu, maana vitabu vingi vya vimeng'enya vimeandikwa kwa ajili ya ngano na shayiri za Ulaya. Ngano na shayiri zina aina ya nyuzi zinazoyeyuka na kufanya utelezi mzito tumboni, na zailanezi, kimeng'enya cha kukata nyuzi, na wenzake hukata utelezi huo vizuri sana. Mahindi na mtama wa kwetu havina utelezi wa kiwango hicho. Ukinunua zailanezi ukitarajia maajabu kwenye chakula cha mahindi, umenunua dawa ya ugonjwa usiokuwa nao.

Penye kazi kidogo ya zailanezi ni kwenye mashudu ya alizeti. Dodoma na Singida ndiyo nchi ya alizeti, na mashudu ni rahisi kuyapata kuliko soya. Tatizo ni kwamba mashine nyingi ndogo hukamua mbegu pamoja na maganda yake. Mashudu ya namna hiyo huwa na protini ya asilimia 24 hadi 30, nyuzi kati ya 20 na 30, na mafuta yaliyobaki asilimia 8 hadi 12, kutegemea mashine ilivyokazwa na mkamuaji alivyo mchoyo. Tofauti kati ya gunia na gunia ni kubwa kiasi kwamba namba ya kitabuni haikusaidii. Yasage, uyapitishe kwenye chekeche la matundu ya milimita 2, upime kilichobaki juu. Kama theluthi nzima ni maganda meusi yanayong'aa, hayo wape ng'ombe. Ganda la alizeti limejengwa kwa ligini, kitu kilekile kinachoufanya mti uwe mgumu, na hakuna kimeng'enya cha dukani kinachokipenya ndani ya saa chache ambazo chakula kinakaa tumboni mwa kuku. Zailanezi inafanya kazi kwenye kuta laini za chembe za kiini, inafungua mafuta na protini vilivyozibwa humo. Ganda linabaki ganda.

Na mashudu yana upungufu ambao hakuna kimeng'enya kinachoweza kuuziba: laisini yake, kipande cha protini ambacho kuku lazima akipate kwenye chakula, ni ndogo, kiasi cha asilimia moja tu, ingawa methionini yake, kipande kingine cha aina hiyo, ni nzuri. Kimeng'enya hufungua kilichopo. Laisini isiyokuwepo inanunuliwa dukani ikiwa laisini.

Mtama ni habari ndefu zaidi. Mtama mweupe, mfano wa Macia, ni chakula kizuri cha kuku: nishati yake iko karibu na ya mahindi, na protini kwa kawaida inazidi kidogo. Mtama wenye tanini ni jambo lingine. Tanini hushika protini ya chakula na hushika hata vimeng'enya vyenyewe, vya kuku na vya pakiti. Ukiweka protiezi, kimeng'enya cha kuvunja protini, kwenye mtama wenye tanini nyingi, tanini inaila hela yako kabla kuku hajala kitu.

Watu huangalia rangi, nayo rangi hudanganya. Kuna mtama mwekundu usio na tanini kabisa. Chukua punje kumi, zikate katikati kwa wembe, uangalie kwa makini chini ya ngozi ya nje. Kama kuna mstari mweusi au wa kahawia iliyoiva unaozunguka sehemu nyeupe ya ndani, hiyo ndiyo tabaka yenye tanini. Kama chini ya ngozi unaingia moja kwa moja kwenye weupe, punje ni salama hata kama nje ni nyekundu. Punje mbili kati ya kumi zikionyesha mstari, gunia limechanganywa. Liweke kwenye chakula cha wiki ya mwisho na kwa kiasi kidogo, usilipeleke kwa vifaranga.

Hata mtama mweupe una protini iitwayo kafirini, ngumu kumeng'enywa, nayo huzunguka chembe za wanga. Hapa protiezi ina hoja ya kweli. Lakini hoja hiyo ina sharti: mtama uwe umesagwa. Punje ni ndogo, zinapenya chekeche la mahindi zikiwa nzima. Fundi wa mashine akikuambia ametumia chekeche la milimita 4 kwa vyote, chota mkono mmoja utazame. Mtama unataka milimita 3. Ukiusaga mpaka uwe unga wa ugali umekosea upande wa pili: vumbi linaganda mdomoni mwa kifaranga, na firigisi inakosa kazi.

Firigisi ndiyo mahali pa kuitazama kwa karibu. Faitezi hufanya kazi penye asidi, yaani kwenye gole na kwenye firigisi na tumbo lililo mbele yake, basi. Ikifika utumbo mwembamba imekwisha chelewa. Chakula chenye chembe za kuonekana kwa jicho kinakaa muda mrefu zaidi kwenye firigisi, na faitezi inapata muda. Ukichinja kuku wa siku 30 ukakuta firigisi nyembamba, laini kama mfuko, ujue alikuwa anakula vumbi. Firigisi ya kuku aliyekula vizuri ni nene na imekaza.

Soya nayo. Hili nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu limeua vifaranga wengi: protiezi haigeuzi soya mbichi kuwa salama. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia kimeng'enya cha protini cha kuku mwenyewe. Kongosho linavimba, kuku anadumaa, kinyesi kinalowa. Dawa yake ni moto. Kama unanunua soya iliyokaangwa mitaani, ipime hivi: vijiko viwili vya soya iliyosagwa kwenye chupa yenye kifuniko, kijiko kimoja cha mbolea ya urea, maji ya kulowesha tu. Funga, tikisa, acha dakika 20 mahali pa joto. Fungua unuse. Harufu kali ya amonia, ile ya kwenye banda lisilo na hewa, maana yake soya haijaiva. Pasiponuka kabisa, na soya ina rangi ya kahawa, imeungua, na laisini yake imeharibika. Unachotaka ni harufu hafifu sana na rangi ya dhahabu.

Dagaa ni fosforasi nzuri, inayopatikana moja kwa moja. Shida yake ni mchanga. Tia kiganja kimoja cha dagaa aliyesagwa kwenye glasi ya maji, koroga, acha itulie, utaona unacholipia.

Sasa viwango. Mwongozo wa mbegu ya kuku wa nyama ya Ross 308 wa mwaka 2019 unataka kalisi asilimia 0.96 na fosforasi inayopatikana, yaani ile isiyofungwa, 0.48 kwa siku kumi za mwanzo, 0.87 na 0.435 kuanzia siku ya 11 hadi 24, kisha 0.78 na 0.39 baada ya hapo. Protini huanza kwenye 22 hadi 23, hushuka hadi 20 au 21, na humalizia 18.5 hadi 19.5. Laisini ya jumla kwa kifaranga ni kama 1.4. Nishati ya mwanzo ni karibu kilokalori 3,000 kwa kilo. Tazama uwiano kati ya kalisi na fosforasi: ni mbili kwa moja, kote.

Mchanganyiko mmoja wa kilo mia za vifaranga, kwa malighafi za Kanda ya Kati, ukiwa na faitezi, unaweza kukaa hivi: mahindi kilo 35.25, mtama mweupe 20, soya iliyokamuliwa yenye protini ya 45, kilo 30, mashudu ya alizeti yaliyochekechwa 5, dagaa safi 5, mafuta ya alizeti 2, chokaa ya mifugo gramu 900, DCP gramu 600, chumvi gramu 250, premiksi (vitamini na madini yaliyochanganywa tayari) gramu 250, laisini gramu 200, methionini gramu 300, kizuia sumukuvu (sumu ya ukungu wa nafaka) gramu 200. Gramu 50 zilizobaki ni vimeng'enya pamoja na unga wa kuvibebea. Inatoka protini ya 22 na nusu hivi, laisini karibu 1.4, nishati kama 2,900. Nishati iko chini kidogo ya kitabu, na nimeiacha hivyo kwa makusudi: ukizidisha mafuta wakati unachanganya kwa koleo, unapata madonge, na kifaranga wa siku chache bado hameng'enyi mafuta mengi vizuri.

Bila faitezi, mchanganyiko huohuo ungetaka DCP kilo 1.3. Hesabu yake hii hapa. DCP ina fosforasi ya 18 kwa mia, kwa hiyo kilo 1.3 zinatoa 0.23. Dagaa wanatoa kama 0.125. Mahindi, mtama, soya na mashudu, kwa sehemu ambayo haikufungwa, vinatoa kama 0.12. Jumla 0.48. Ukiweka faitezi, 0.13 inatoka kwenye faiteti; toa kwenye DCP kiasi kinacholingana, ambacho ni kama gramu 700 kwa kilo mia, au kilo 7 kwa tani. Gramu 100 za faitezi badala ya kilo 7 za DCP. Tuseme duka lako linauza DCP shilingi 3,000 kwa kilo: umeokoa 21,000 kwa tani, na faitezi ya tani hiyo ikikugharimu chini ya hapo umepata faida. Ikizidi, achana nayo, endelea na DCP bila kuona haya. Nafasi ya gramu 700 uliyoipata usiijaze chokaa, ongeza mahindi.

Chokaa ndiyo inayoharibu kazi ya faitezi kuliko kitu kingine chochote, na ndicho kitu cha bei rahisi kuliko vyote kwenye gunia zima, kwa hiyo mikono inakuwa mipana. Kalisi ikizidi, inaungana na faiteti na kuifanya iwe ngumu isiyoyeyuka, faitezi haiifikii tena. Pia inapunguza asidi tumboni, na asidi ndiyo mazingira ya faitezi. Chakula chenye kalisi 1.3 na faitezi ndani yake ni hasara mbili. Ndiyo sababu pia ya kutowapa kuku wa nyama chakula cha kuku wa mayai eti kilibaki: kile kina kalisi ya asilimia tatu na nusu hadi nne.

Kuna mtego mwingine wa kwenye karatasi. Lebo ya faitezi inadai imeokoa kilokalori kadhaa, lebo ya zailanezi inadai zake, ya protiezi inadai zake. Ukizijumlisha zote na kupunguza mafuta kwa jumla hiyo, umeondoa nishati ya kweli na kuweka nishati ya makaratasi. Vimeng'enya hivi vinagombea sehemu ileile ya chakula ambacho hakikumeng'enywa. Kimoja kikishaichukua, kingine hakiikuti. Kwa anayechanganya mwenyewe, chukua fosforasi na kalisi ya faitezi kwenye hesabu, nishati iache ikae kama akiba. Protiezi nayo, kama unaitumia, ikuruhusu kushusha protini kwa asilimia nusu hadi moja huku laisini na methionini zikibaki palepale. Kwa joto la hapa kati ya Oktoba na Desemba hilo lina faida ya ziada: protini iliyozidi humfanya kuku atoe joto zaidi mwilini, na kuku wa siku 30 mchana wa saa nane hana pa kulipeleka.

Angalia pia premiksi yako. Baadhi ya premiksi tayari zina faitezi ndani. Imeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya mfuko, kwa Kiingereza, mahali ambapo kidole cha muuzaji hukaa.

Kuchanganya gramu 10 ndani ya kilo mia kuna utaratibu wake, na hauna njia ya mkato. Pima kwa mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja. Mizani ya dukani ya kilo haifai, na kijiko hakifai kabisa. Changanya vimeng'enya kwenye kilo moja ya unga laini wa mahindi ndani ya ndoo kavu, geuza kwa dakika mbili tatu. Peleka hiyo kilo kwenye kilo 5 za mahindi yaliyosagwa, pamoja na laisini, methionini, premiksi na chumvi. Geuza. Hiyo ipeleke kwenye kilo 20. Ndipo uimwage kwenye rundo, tabaka kwa tabaka, na ugeuze rundo lote kwa koleo kutoka upande hadi upande mara nne au tano. Mafuta yawe ya mwisho, yakinyunyizwa kidogo kidogo. Yakitangulia, unga wa vimeng'enya unanata kwenye donge la kwanza unalokutana nalo, na kuku mmoja anakula dozi ya banda zima.

Joto linaua vimeng'enya. Ni protini hivyo. Moto unavigeuza kama unavyogeuza yai. Anayetengeneza chakula cha punje kwa mashine ya mvuke, chakula kikipita nyuzi joto 80 na kuendelea, aina nyingi za kawaida zinapoteza nguvu. Zipo zilizofunikwa kwa utando wa kuhimili, na lebo itasema hadi nyuzi ngapi. Kwa chakula cha unga hilo halituhusu. Linalotuhusu ni stoo. Chini ya bati bila dari, mfuko uliofunguliwa unashinda kwenye joto kila siku, na ukichanganywa kabla ya wakati na premiksi yenye kolini na madini, unyevu wa kolini unazidi kumaliza nguvu. Weka pakiti imefungwa ndani ya ndoo yenye mfuniko, chumba cha ndani cha nyumba, sakafuni. Nunua ya miezi miwili mitatu. Pakiti kubwa ya bei nafuu inayokaa mwaka mzima itakuwa unga wa kawaida kabla haijaisha, na hakuna rangi wala harufu itakayokuonya.

Sumukuvu ningeipitia haraka, ila siwezi, kwa sababu mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Hakuna faitezi wala zailanezi inayoigusa. Mahindi ya Kibaigwa yanayonunuliwa mapema yakiwa hayajakauka vizuri ndiyo ya kuogopa. Pima kwa chumvi: chupa kavu ya kioo, robo yake mahindi, kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika mbili. Chumvi ikinata kwenye kuta, unyevu umezidi 15. Anika tena, usisage. Ini la kuku likiwa la manjano na laini, na kuku hawapandi uzito licha ya chakula kizuri, anza na mahindi kabla hujalaumu kimeng'enya.

Na maranda yakilowa, anza na maji. Visima vingi huku vina maji ya chumvi. Kuku anayekunywa maji hayo na kula chakula chenye chumvi ya gramu 250 kwa kilo mia, pamoja na chumvi ya dagaa, atakunywa kupita kiasi na kulowesha banda, na hakuna zailanezi itakayolikausha. Shusha chumvi ya chakula hadi gramu 150 kwanza, uone siku tatu.

Dalili ya kwamba umepunguza DCP lakini faitezi haifanyi kazi huonekana kati ya siku ya 10 na ya 21. Vifaranga wanakaa zaidi ya kawaida, wanatembea kwa kuyumba, miguu inapinda. Mshike mmoja, ubonye mdomo wake kwa vidole: mdomo wa kifaranga mzima ni mgumu, wa huyu unapinda kama mpira. Pasua mmoja aliyekufa, utazame pale mbavu zinapokutana na uti wa mgongo, utakuta vinundu. Usisubiri kuthibitisha kwa maabara. Rudisha DCP hadi kilo 1.3 siku hiyohiyo, ongeza vitamini D kwenye maji kwa siku tano, na ile pakiti iweke pembeni. Ukitaka uhakika wa chakula chenyewe, maabara ya lishe ya mifugo pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro hupima protini, nyuzi, kalisi na fosforasi. Peleka nusu kilo iliyochotwa sehemu tano tofauti za rundo, isiwe ya juu peke yake.

Kama bado huna uhakika kwamba pakiti uliyouziwa inafanya kazi, gawa banda. Vifaranga 50 upande mmoja, 50 upande mwingine, siku moja, totoleo moja, vyombo vya maji na vya chakula sawa. Upande wa kwanza mchanganyiko wenye DCP kamili bila kimeng'enya. Wa pili DCP iliyopunguzwa pamoja na faitezi. Usiweke faitezi juu ya DCP kamili ukaita hilo jaribio, kwa sababu hapo fosforasi haikuwa pungufu na hutaona tofauti ya maana. Pima chakula kinachoingia kila upande na kinachobaki. Pima kuku 10 bila kuchagua siku ya 7, ya 21 na ya 35. Anayeukimbilia mkono wako mara nyingi ndiye mkubwa, kwa hiyo zungushia kona kwa ubao na upime wote walionaswa. Waliokufa andika uzito wao pia, maana walikula. Mwishoni gawanya gharama ya chakula chote cha upande husika kwa kilo za kuku hai zilizotoka, upate shilingi za chakula kwa kila kilo. Tofauti ikiwa ndogo, rudia kundi linalofuata ukibadilisha pande, kwa sababu upande ulio karibu na mlango au wenye jua la jioni unaweza kukupa tofauti hiyo peke yake.